Ushindi wa Bi Mlango

Wanafunzi hawana adabu, lakini mara nyingi hawakosei. Wale wa chuo kile waliwabatiza walimu wao wawili wa falsafa Bi Mlango na Bwana Dirisha, na majina yakaganda mpaka kwa mhasibu na wafagiaji. Sababu yenyewe ni ndogo. Walimu hao walikuwa mke na mume, na walifundisha somo moja la maadili, darasa moja, kipindi kimoja, wote wawili wamesimama mbele ya ubao mmoja. Mke alikaa upande wa mlango akiwatetea wanafalsafa wa Magharibi. Mume alikaa upande wa dirisha akiyatetea mafundisho ya Buddha. Mkuu wa chuo aliwahi kulalamika kwamba walimu wawili kwa kipindi kimoja ni ufujaji. Akaja kukaa nyuma ya darasa ajionee, akatoka anafuta machozi ya kicheko, na habari hiyo hakuigusa tena.

Kila mwaka walianza hivi. Bi Mlango aliandika ubaoni: Ahadi ni deni. Kisha akaeleza, kwa ile sauti yake ya kunyoosha kila neno, kwamba mtu si chombo cha kutumiwa na kuwekwa kando. Ukimpa mtu neno lako umemheshimu kama mwenye akili anayejipangia maisha yake. Ukilivunja kwa kuwa limekuwa zito, umemgeuza kiti. Wako wengine wa Magharibi wenye mizani, alisema, wanaopima raha huku na maumivu kule na kufuata palipoelemea. Hao aliwafundisha vizuri, lakini hakuwapenda.

"Deni la nani?" Bwana Dirisha angeuliza, kaegemea ukuta, mikono mfukoni. "Nilipokuwa na miaka saba nilimwahidi mwalimu wangu wa hesabu kwamba nitamwoa. Yule mtoto yuko wapi, mkamkamate? Mtu si jiwe, wanangu. Ni mambo yanayofuatana, moja likizaa jingine, na sisi kwa uvivu tumeyapa jina moja. Msianze kwa kuuliza nani anamdai nani. Anzeni na maumivu. Mwiba ukiwa mguuni hatuulizi hati ya kumiliki mguu. Tunautoa."

"Kumbe aliyenioa hayupo!" Bi Mlango angegeukia darasa. "Basi huyu babu anayemaliza mboga zangu kila jioni ni nani?"

Hapo darasa lilipasuka kwa kicheko.

Nyumbani mjadala ulivua viatu tu, haukuisha. Mende akitokea jikoni, mume alimfunika kwa kikombe, akapenyeza kipande cha karatasi ngumu chini yake, akamtoa nje kwa heshima zote kama mgeni aliyekosea nyumba. Mke yeye alikuwa wa madhehebu ya kandambili. "Nyie wa mlangoni mnauliza kama kumwua ni halali," mume alimwambia. "Mimi nauliza mkono wako ulikuwa na nini kabla haujashuka. Hasira? Kinyaa? Hicho ndicho kinachobaki nawe mende akishakufa." Naye mke alijibu kwamba kinachobaki naye ni jiko safi. Hata chumvi mezani yule bwana hakuweza kuiomba kama watu wengine wanavyoomba. Angesema chumvi haina mwenyewe, kwa hiyo haina sababu ya kukaa upande mmoja. Mkewe alimjibu kwanza, ndipo akaisogeza. Waliitana Mwalimu, mke kwa mume na mume kwa mke, tangu uchumba, na wakafika uzeeni hivyo hivyo. Wasomi bwana! Kila mtu na mapenzi yake.

Ugonjwa ulianzia mgongoni. Walidhani ni godoro, wakabadilisha godoro. Kumbe ni saratani, tena ilikwisha kuingia mifupani, na daktari hakuwazungusha. Waliporudi nyumbani walikaa katika chumba cha vitabu. Pale ndipo mume alipokuwa akikaa kila asubuhi juu ya blanketi lililokunjwa, macho nusu wazi, akiitazama pumzi yake iingie na itoke. Siku hiyo alikaa kwenye kiti. Sakafu ilikuwa imekwenda mbali.

"Mwalimu, nina ombi," alisema. "Itafika siku wataleta dawa za kunilaza. Sizitaki. Miaka yote hii nimejifunza kukaa na akili yangu, iwe tamu iwe chungu. Saa ya mwisho nataka niwepo. Usikubali nilazwe."

"Na ukibadili mawazo?"

"Usinisikilize. Hata nikilia."

Bi Mlango aliinua nyusi. Machozi yalikuwa karibu, lakini mazoea nayo yana nguvu zake. "Tangu lini watu wa dirishani wanamfunga mtu wa kesho kwa ahadi ya leo?"

"Leo nimeazima hoja ya mlangoni. Nitairudisha."

"Hoja zangu haziazimwi. Ukiichukua ni yako."

Mume akacheka, akanyoosha mkono, na mke akaushika. "Naahidi," alisema. Na ndani ya huzuni yake yote, tusifichane, alijisikia fahari kidogo. Mtu aliyembishia maisha mazima, hofu ilipomkamata alikuja kuegemea ukuta wake.

Hospitali ilikuwa na muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa haraka na kiatu kilichoinama upande mmoja. Alileta vidonge, na alileta chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Aliwaeleza kwamba unampa kidogo kidogo. Siku za mwanzo atasinzia, baadaye kichwa kitatulia, wapo wanaosoma gazeti huku wanaitumia. Wale wawili walitikisa vichwa kwa namna walimu wanavyomtikisia mwanafunzi anayeelekea kukosea, kisha wakamuuliza nini hasa maana ya akili kutulia, na je, akili iliyotulizwa na dawa ni ile ile. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengine wanaomngoja. Aliiweka chupa kwenye rafu juu ya kitanda. "Ipo," alisema. "Yakizidi, mpe."

Dada mkubwa wa mgonjwa alikuja kukaa nao ili asaidie kazi. Mwanamke huyu aliiogopa ile chupa kama nyoka. "Wifi, hiyo iondoe hapo," alisema jikoni, anamenya viazi. "Jirani yangu alipewa hiyo hiyo, wiki haikuisha. Hiyo ndiyo ya kuagia watu."

"Wifi, alikuwa mgonjwa wa kufa. Hiyo si sababu ya kuikataa."

"Mbona wewe humpi? Una sababu gani?"

"Nimeahidi."

"Basi si tumekubaliana?" wifi alisema, akaendelea na viazi vyake. Bi Mlango alikereka kuwekwa kapu moja na jirani na uvumi. Sababu nzuri na sababu mbovu zilikuwa zimefika kwenye mlango mmoja, na chupa ikabaki rafuni.

Maumivu yalikuja kama maji yanavyoingia nyumba ya bondeni, kwanza pembeni, kisha kila mahali. Vidonge vilishindwa. Mgonjwa hakuweza kuuvumilia uzito wa blanketi, wakamfunika shuka; shuka nayo ikawa nzito, wakaikunja mpaka kiunoni. Mtu akiburuta kiti sebuleni, yeye chumbani alishtuka. Alijaribu kuitazama pumzi yake kama zamani. Mke alimwona anajaribu: macho nusu wazi, midomo inatikisika, halafu uso mzima unakunjamana na pumzi yenyewe inakatika vipande. Wakampa taulo ya kuuma. Mara nyingi Bi Mlango alisimama mbele ya rafu, mkono umeshaigusa chupa, akaushusha. Alimpenda kiasi cha kutamani kuvunja kila sheria aliyowahi kuiandika ubaoni. Na kwa kuwa alimpenda hivyo hivyo, hakuivunja. Nikimpa sasa, alijiambia, nitakuwa nimemwondoa yeye na kubakiza mgonjwa. Mimi ndiye mlinzi wa neno lake wakati yeye hawezi kulilinda.

Mchana mmoja, jua limejaa chumbani, alikuwa akimfuta shingo kwa kitambaa cha maji. Mume akafumbua macho.

"Mwalimu," alisema.

"Naam, Mwalimu."

"Yule aliyekuomba ahadi..." Akapumzika. "Yule hayupo tena."

Mkono wa mke ukasimama. Ilikuwa muda mrefu chumba kile hakijasikia ila kuguna na maji kumwagika kwenye beseni. Na sasa huyu hapa, mtu wake wa dirishani, amerudi! Moyo ulimruka, nawaambia, kama wa msichana anayeitwa jina lake barazani. Alikiweka kitambaa kwenye beseni, na bila kujijua akanyoosha mgongo.

"Kumbe hayupo? Basi huyu babu anayelala kitandani pangu ni nani?"

Mume alivuta hewa mara mbili kabla ya kujibu. "Hakuna babu. Kuna maumivu tu."

"Hiyo nzuri," alisema Bi Mlango, na sauti yake ilichangamka kabisa. "Nzuri sana. Lakini maumivu hayajui kuomba, Mwalimu. Anayeomba ni mtu, na mtu huyo ana neno lake kwangu. Nikilitupa kwa sababu leo ni zito, nimekufanya mtoto mdogo. Na hoja ya mlangoni uliichukua mwenyewe. Nilikwambia haziazimwi."

Mume alimtazama. Jasho lilikuwa limejikusanya juu ya mdomo wake.

"Mwiba, Mwalimu," alisema polepole.

"Mwiba hutolewa kwa idhini ya mwenye mguu."

Midomo mikavu ikatanuka, tabasamu likaja. Akataka kucheka, na kicheko kikamtikisa mgongo, akafumba macho na kushika ukingo wa kitanda mpaka kilipopita. Alipoyafumbua, yalikuwa na maji.

"Umeshinda," alisema.

Mke alimbusu kipaji cha uso, akaenda jikoni karibu anakimbia. "Wifi, leo ndugu yako amechangamka!" alisema. "Tumebishana kama zamani!" Kisha akaegemea sinki na kulia kwa furaha, maana alikwisha kudhani ugonjwa umemla mume wake na kumwachia mwili tu. Wifi naye akafuta macho kwa upande wa kanga. Siku hiyo walikula vizuri.

Mume hakuomba tena. Alikuwa akiitazama dari, taulo mdomoni, na mke alipoinama kumuuliza kama kuna kitu anataka, alitikisa kichwa. Bi Mlango alikiona kile kimya kuwa ushujaa. Alijivunia mumewe, akajilaumu kwamba aliwahi hata kuigusa ile chupa. Mwisho ulikuja asubuhi, wifi anaanika nguo uani. Mume aliushika mkono wa mke kwa nguvu ambazo mke hakujua kama bado anazo. Macho yalikuwa wazi kabisa. Hayakuwa nusu, wala hayakuitazama pumzi. Yalimtazama yeye. "Upo, Mwalimu," mke alimwambia tena na tena. "Upo. Upo." Vidole vililegea kimoja kimoja, na meno yalikuwa bado yamebana taulo. Ilibidi wifi aje kuitoa.

Kwenye mazishi Bi Mlango alisimama kusema. Hakusema mengi. Alisema mume wake aliomba jambo moja tu, afe akiwa macho, na kwamba alikufa akiwa macho. Wanafunzi wa zamani, watu wazima wenye vipara na vitambi, walilia bila aibu. Mkuu wa chuo alimshika mikono yote miwili akamwambia hajapata kuona ahadi iliyotunzwa namna ile. Watu walilirudia neno hilo mpaka nje kwenye magari. Naye alirudi nalo nyumbani. Alilala nalo, akaamka nalo. Kitanda kilipokuwa kikubwa mno alijifunika nalo. Sikumwacha, alijiambia. Nilifanya jambo gumu kuliko yote, na nililifanya sawasawa.

Wifi alipokwisha kurudi kwake, muuguzi alikuja. Hakuwa amekuja kwa kazi kubwa. Dawa za namna ile haziachwi majumbani. Zilizobaki hurudishwa hospitali. Alikubali chai, akanywa akiwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu mwenye safari, akatoa pole yake vizuri, bila maneno mengi. Kisha Bi Mlango akamletea mfuko wa vidonge na ile chupa.

Muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga. Akakijaribu kizibo kwa kidole gumba. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umezunguka shingo ya chupa, haujakatwa.

"Hamkuifungua kabisa?" aliuliza.

"Hapana. Alitaka hivyo." Bi Mlango alijiweka sawa kitini. Maneno haya aliyajua. "Aliniomba mapema, akili zake zikiwa timamu. Nilimwahidi."

"Eeh, aliniambia habari ya ahadi." Muuguzi aliitia chupa mkobani, akawa anatafuta kalamu. "Siku moja nilikuja ukawa umetoka, umekwenda chuoni, tulikuwa na wifi yako tu. Nikamkuta hali mbaya. Nikamwambia, mzee, mbona unajitesa, mwambie mama akupe. Akaniambia, nimekwisha kumwomba."

Bi Mlango alikishika kikombe chake.

"Nikamuuliza, akasemaje? Akasema, tulijadiliana, akanishinda." Muuguzi alitabasamu, maana ilikuwa kumbukumbu nzuri kwake, ya mgonjwa mcheshi. "Akacheka kidogo. Akasema, mke wangu alijibu vizuri sana. Mimi nikajua ni utani wenu wa kisomi, wifi alinisimulia mlivyo. Nikamwambia basi nikupe mimi hapa hapa, kijiko kimoja. Akakataa katakata. Akasema, akirudi akanikuta nimelala atajua ahadi yake imevunjwa, na ahadi hiyo ndiyo imemsimamisha. Mwache nayo. Akaniomba nimgeuze tu ubavu."

Kalamu ilipatikana. Muuguzi akaandika alichokuwa anaandika.

Bi Mlango alitafuta hoja. Hakuna aliyejua hoja nyingi kuliko yeye, alikuwa nazo za karne kwa karne, na aliziita kwa majina ya waliozitunga, wale wa wajibu na wale wenye mizani pia, hata hao aliowadharau. Hakuna aliyekuja. Akamtafuta na yule mwingine, wa dirishani, ambaye siku zote alikuwa na neno hata kwa adui yake. Alimwona tu na jasho juu ya mdomo, anavuta hewa mara mbili kabla ya kila sentensi. Akazihesabia gharama sasa, zile sentensi. Hakuna babu. Mwiba, Mwalimu. Kila neno mtu yule alilinyanyua toka chini ya mgongo uliokatika, akalileta mkononi kwake, akaliweka katika lugha pekee ambayo wawili hao waliwahi kuombana kitu, na yeye akanyoosha mgongo kana kwamba darasa limejaa.

"Mama?" Muuguzi aliinua uso. "Mwalimu? Nimesema vibaya?"

"Hapana, sista."

"Mimi nilidhani unajua kwamba yamemzidi." Sasa sauti yake ilikuwa na wasiwasi, na kalamu ilibaki hewani. "Kwani wewe hakukwambia kwamba anaumwa?"

Chai ilikuwa imepoa katika vikombe vyote viwili. Bi Mlango alikisukuma chake mbali kidogo, akaiweka mikono yake mezani, akaitazama.

"Aliniambia," alisema. "Mimi nikamjibu."